Riwaya za upelelezi: tuanze na fumbo, na askari, au na muuaji mwenyewe?

Kalamu Nyeusi:

Ndugu wasomaji, nimekuwa nikisoma riwaya za upelelezi bila mpango wowote kwa takribani miaka miwili, na sasa nahitaji mawazo ya waliotangulia. Nimegundua kwamba vitabu vinavyowekwa kwenye rafu moja kwa jina la upelelezi si ndugu wa tumbo moja. Kuna vile ambavyo maiti huonekana katika sura ya pili, washukiwa wakawa sita au saba chini ya paa moja, na kazi yangu mimi msomaji ikawa kumnasa mhalifu kabla mpelelezi hajawaita wote sebuleni. Kuna vile vya askari, ambamo kesi huchukua miezi, jalada hupotea, shahidi hugeuza maneno, na mpelelezi mwenyewe ana ndoa inayolegalega. Halafu kuna vile ambavyo muuaji namjua tangu ukurasa wa kwanza, na ninachosubiri ni kuona atakavyonaswa.

Tatizo langu ni muda. Nasoma nusu saa kabla ya kulala, kurasa kumi na tano au ishirini hivi, na nikikirudia kitabu kesho yake huwa nimeshasahau nani alikuwa bustanini na nani alikuwa ghorofani saa nne ilipogonga. Naomba mnilinganishie aina hizi tatu: ipi inamfaa msomaji wa kurasa chache, ipi inastahimili kusomwa mara ya pili, na ipi mngenishauri niiweke kando kwanza. Tafadhali, kwa hisani yenu, asitajwe muuaji wa kitabu chochote.

Bi. Kurunzi:

Kaka Kalamu, mimi ni mfuasi wa fumbo na sitajificha. Riwaya ya namna hiyo ni makubaliano ya watu wawili: mwandishi anatega, msomaji anategua, na kama ilivyo katika vitendawili, ukishindwa unatoa mji. Lakini ili mji huo utolewe kwa haki, kila kidokezo alichokiona mpelelezi lazima nawe uwe umekiona. Jambo hili lilichukuliwa kwa uzito mkubwa na waandishi wenyewe. Mwaka 1929 Ronald Knox, aliyekuwa padri na mtunzi wa riwaya hizi, aliandika kanuni kumi, miongoni mwake kwamba mhalifu awe ametajwa mapema katika hadithi, kwamba nguvu zisizo za kawaida zisitumike kutegua fumbo, na kwamba rafiki wa mpelelezi asimfiche msomaji mawazo yake. Kanuni hiyohiyo inaongeza kwamba akili ya rafiki huyo iwe chini kidogo ya akili ya msomaji wa kawaida, na kila nikiikumbuka nacheka peke yangu. Mwaka uliofuata ikaanzishwa Detection Club jijini London, rais wake wa kwanza akiwa G. K. Chesterton, na wanachama wake walikula kiapo cha kucheza kwa haki. Kule Marekani binamu wawili walioandika kwa jina moja la Ellery Queen walikwenda mbali zaidi: katika riwaya zao za mwanzo, kuanzia 1929, hadithi inasimama kabla ya ufumbuzi na msomaji anaambiwa waziwazi kwamba sasa anavyo vidokezo vyote, ajaribu.

Utamu uko katika jinsi ya kuficha. Mtunzi hodari hakipeleki kidokezo gizani. Anakiacha mwangani, katikati ya vitu vingine. Tuseme mtumishi anataja vilivyokutwa mezani kwa marehemu: taa, miwani, kikombe cha chai iliyopoa, barua mbili, na saa ya mfukoni iliyosimama. Jicho lako litakimbilia saa, kwa sababu hakuna kitu kinachopiga kelele kama saa iliyosimama, kumbe neno lililobeba kesi nzima ni miwani, kwani kurasa thelathini nyuma marehemu alisifiwa kwa macho yake makali. Ukifika mwisho unajipiga paji la uso, na huna wa kumlaumu.

Nakubali, hata hivyo, kwamba aina hii humwadhibu msomaji wa kurasa ishirini. Dawa yake ni karatasi. Chukua kipande kilekile unachowekea alama, andika majina ya washukiwa, na mbele ya kila jina uandike anachodai alikuwa akifanya. Usizidishe mistari miwili kwa mtu mmoja, la sivyo utageuka karani.

Nuktambili:

Shikamoo Bi. Kurunzi. Nimekusoma kwa heshima, ila napingana nawe. Fumbo likishateguliwa, kitabu kinabaki kama kapi la muwa: utamu umekwisha kunyonywa. Watu waliomo ndani yake waliumbwa wawe washukiwa, na mara tu shaka inapowaondokea hawana tena cha kufanya duniani.

Riwaya ya askari imejengwa kwa udongo mwingine. Dashiell Hammett alikuwa amefanya kazi ya upelelezi katika kampuni ya Pinkerton kabla ya kushika kalamu, na inaonekana: watu wake huua kwa sababu ya fedha, hofu na tamaa, wala si kwa ajili ya kumpa mpelelezi zoezi la akili. Raymond Chandler aliitetea njia hiyo katika insha yake ya 1944, akizidhihaki zile riwaya za majumba ya kifahari na sumu za ajabu. Baadaye wakaja Maj Sjöwall na Per Wahlöö wa Uswidi, walioandika pamoja riwaya kumi kati ya 1965 na 1975 kuhusu kikosi kimoja cha polisi, na kwa kupitia kesi hizo wakaichunguza jamii yao nzima. Humo utawaona askari wakikaa siku nyingi bila jambo lolote kutokea, wakipekua orodha na kurudia maswali yaleyale kwa mashahidi waliochoka, mpaka siku moja neno dogo lililopuuzwa linafungua mlango.

Kwa msomaji wa nusu saa, aina hii ina faida moja isiyosemwa mara nyingi. Ukishawajua askari wa kikosi katika kitabu cha kwanza, katika cha pili hadi cha kumi hujifunzi majina upya. Wageni ni marehemu na waliomzunguka tu. Lakini ni sharti ufuate mpangilio wa kuchapishwa. Mimi nilianza mfululizo mmoja kwa kitabu cha sita, na katika sentensi moja ya kupita njia nikaelezwa kwamba askari fulani alizikwa mwaka uliotangulia; niliporudi kwenye kitabu cha kwanza na kumkuta hai, akicheka na kupanga likizo, sikuweza tena kumsoma kwa amani.

Kasoro zipo. Vitabu vingi vya siku hizi vimenenepa hadi kurasa mia tano au mia sita, na huyo mpelelezi mlevi aliyeachwa na mkewe, asiyesikilizana na binti yake, amekuwa sare ya kazi. Ningefurahi kukutana na mmoja anayelala mapema.

Pwaguzi:

Mimi naitetea aina ya tatu, na niliingia humo kwa ajali. Niliazima riwaya ya fumbo, nakala iliyopita mikononi mwa watu wengi, na nilipofika ukurasa wa 41 nikakuta jina la mpwa wa daktari limepigiwa mstari, na pembeni yake mtu ameandika kwa penseli: "Ndiye huyu." Nilikasirika kiasi cha kukifunga kitabu kwa siku tatu. Niliporudi, nilirudi kwa kisirani, nikimwangalia kijana huyo kama mlinzi anavyomwangalia mtu aliyeingia na mfuko mkubwa. Alipoinuka mezani kabla ya wenzake nilihesabu dakika, na aliposema glavu zake zimepotea nikacheka kwa dharau. Nilisoma kurasa zaidi ya mia mbili kwa namna hiyo, kwa furaha ambayo sikuwahi kuipata katika fumbo lolote. Mwishoni ikadhihirika kwamba kijana hakuwa na hatia. Aliyeandika kwa penseli alikuwa anakisia tu.

Tangu hapo nilielewa kwamba kwangu swali la nani si kubwa kama swali la vipi. R. Austin Freeman alilijaribu hili waziwazi katika mkusanyiko wake wa 1912, ambamo sehemu ya kwanza ya hadithi inaonyesha uhalifu ukitendwa mbele ya macho yetu, na sehemu ya pili inamwonyesha Dakta Thorndyke akiokota mavumbi, nyuzi na vipande vya kioo mpaka anapofika mlangoni kwa mhusika. Tulikuwepo, tuliona kila kitu, na bado hatukujua kosa la muuaji lilikuwa lipi. Karibu miaka mia moja baadaye, mwaka 2005, Keigo Higashino wa Japani alichapisha riwaya ya mwalimu wa hisabati anayeisaidia familia ya jirani kuficha mauaji ambayo msomaji ameyashuhudia tangu mwanzo. Na pamoja na kushuhudia huko, nawaahidi mtashikwa. Katika riwaya za aina hii pwagu hupata pwaguzi, na raha ni kuwatazama wakizungukana.

Kuhusu kumbukumbu, Ndugu Kalamu, hapa unahitaji majina mawili tu, la aliyeua na la anayemtafuta. Hata ukisinzia, kesho yake utajua ulipoishia.

Sikio la Kufa:

Mimi husoma sura ya mwisho kwanza, kisha ndipo naanza mwanzo. Kwa njia hiyo kila riwaya inakuwa ya aina ya tatu, na sihitaji kuchagua. Najua nitashambuliwa.

Bi. Kurunzi:

Ndugu Sikio, hushambuliwi; unaombewa.

Pwaguzi, kisa chako kinanipa nguvu mimi kuliko wewe. Yule mwandishi wa penseli ndiye msomaji wa fumbo halisi: alifika ukurasa wa 41, akaamua, akaweka dau lake kwa maandishi, akapoteza. Angekuwa na hila angerudi kufuta.

Sasa nimjibu Nuktambili kuhusu kapi la muwa. Mwaka 1926 Agatha Christie alichapisha riwaya ya mauaji ya Roger Ackroyd, na wasomaji wakagawanyika kama amecheza kwa haki au amewalaghai. Sitasema zaidi, kwa kuheshimu ombi la mwenye mada. Ninachoweza kusema ni kwamba nilikisoma mara ya pili kwa nia ya kumshika mwongo, penseli mkononi, na sikumshika. Kila sentensi niliyoishuku ilikuwa ya kweli, ila nilikuwa nimeisoma kwa haraka, nikiijazia mwenyewe yale ambayo haikuyasema. Usomaji wa pili wa fumbo lililotungwa vizuri ni kitabu kingine, kwa sababu macho yanaacha kuwafuata washukiwa na kuanza kumfuata mtunzi. Ni mafumbo mabovu ndiyo yanayobaki makapi, na hayo, nakiri, ni mengi.

Tumbili wa Rafuni:

Nashangaa hakuna aliyetaja hadithi fupi, ilhali mwuliza swali ana nusu saa tu. Hadithi inayohesabiwa na wengi kuwa ndiyo iliyoanzisha upelelezi wa kisasa, ile ya Edgar Allan Poe ya mwaka 1841, ni fupi. Arthur Conan Doyle aliandika riwaya nne tu za Sherlock Holmes, dhidi ya hadithi fupi 56, na kwa maoni yangu zile fupi ndizo zenye nguvu, kwani katika zile ndefu kuna sehemu ambapo mpelelezi anatoweka kabisa tukisimuliwa mambo ya zamani. Hadithi moja usiku mmoja, na hakuna wa kumsahau.

Kwa Kiswahili, mgawanyo huu huu unaonekana. Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, kilichochapishwa 1960, ni fumbo, na ndani yake yumo Bwana Msa na kiko chake, na Najum pembeni akifanya ile kazi ya rafiki wa mpelelezi. Simu ya Kifo cha Faraji Katalambulla cha 1965 kinaelekea upande wa askari, kwa Inspekta Wingo. Hivi havina unene wa kumtisha mtu, na ni mahali pazuri pa kupima ladha yako kabla ya kubeba matofali ya kurasa mia sita.

Nuktambili:

Bi. Kurunzi, nimeondoa neno kapi kwa hicho kimoja. Kwa vingine nalibakiza.

Kalamu Nyeusi:

Nawashukuru nyote. Wiki tatu zimepita na nimefanya majaribio, kwa hiyo narudi na ripoti.

Nilianza na aina ya Pwaguzi, na nilikimaliza kitabu kwa usiku tano, jambo ambalo halijawahi kunitokea. Ni kweli kwamba sikuhitaji kurudi nyuma hata mara moja. Nilichokikosa ni ile hali ya kuzima taa huku nikibishana na nafsi yangu. Nililala vizuri mno. Kisha nikachukua fumbo, pamoja na karatasi ya Bi. Kurunzi. Majina yalikuwa saba. Kufikia usiku wa nne nilikuwa nimewakata watatu, na usiku wa sita, mchana wake nikiwa kazini, nilijikuta nikiwaza kuhusu ufunguo wa stoo kuliko kuhusu kazi iliyokuwa mbele yangu. Karatasi ilisaidia, ingawa nilizidisha mistari na kweli niligeuka karani. Riwaya ya askari nimeiahirisha hadi likizo, nitakapoweza kusoma saa mbili mfululizo, na nitaanza na kitabu cha kwanza, Nuktambili, usihofu.

Kwa kurasa ishirini za usiku, basi, mimi nitakwenda na fumbo fupi na karatasi yake, na katikati ya mafumbo mawili nitapumzika na muuaji anayejulikana.

Nimebakiwa na suala moja dogo. Lile fumbo niliazima, na usiku wa nne, ukurasa wa 112, niliandika jina la dada wa marehemu pembeni kwa penseli, kwa hakika kubwa. Nilikosea. Kitabu kinarudi kwa mwenyewe kesho kutwa, na kifutio ninacho hapa mezani, lakini tangu asubuhi sijakigusa.