Naomba ushauri: kitambaa cha kivuli cha gari la kulala kimeoza

Habari zenu ndugu zangu. Nina gari la kulala ninalotumia kuwapeleka wageni kwenye mbuga ya Murchison Falls, Uganda. Kitambaa cha kivuli cha ubavuni, kile kinachojikunja kwenye bomba, kimekwisha: ukikigusa kinaachia unga mweupe mkononi, na mshono wa karibu na bomba umefumuka kama sentimita 40. Nimeshaushona mara mbili kwa uzi wa nailoni, jua likaula. Bomba na mikono yake bado vizima kabisa. Fundi mmoja wa Katwe anataka kunishonea kipya kwa turubai la lori, ila nahofia uzito wake utazishinda springi za ndani ya bomba zinazokikunja kitambaa.

Je, turubai hilo litafaa, au nitafute kitambaa cha akriliki? Na springi nizifungeje kabla ya kuchomoa kitambaa, zisije zikamvunja kijana wangu mkono?