Naombeni ushauri, mtoto wa dada yangu amekutwa na ugonjwa wa Gaucher

Wakuu habari zenu, hasa waliowahi kuuguza mtu mwenye ugonjwa huu. Dogo tumbo lilikuwa linavimba upande wa kushoto mpaka vifungo vya shati havifungi, pua inatoka damu hovyo, akawa anapewa dawa za kuongeza damu tu mpaka walipopima kimeng'enya cha glukoserebrosidasi wakakuta kiko chini sana.

Nilivyoelewa kuna mafuta yanaitwa sfingolipidi, yanajenga utando wa seli na yanatakiwa kuvunjwa yakishatumika, sasa kimeng'enya kikipungua yanarundikana kwenye bandama, ini na uboho (ule ute wa ndani ya mifupa), ndo maana chembe sahani (zile za kugandisha damu) zinashuka na mifupa inauma, usiku ndo balaa analia kashika paja. Daktari kasema ni aina ya 1, ubongo haujaguswa (tunashukuru sana maana dripu ya kimeng'enya haifiki ubongoni), ataanza kuwekewa hiyo dripu kila baada ya wiki 2, maisha yote.

Sasa naomba kujua, kwa walioanza dripu maumivu ya mifupa yalichukua muda gani kutulia? Na mpira anaupenda kupita maelezo, bandama kubwa vile ikigongwa inaweza kupasuka, nyie mlimzuiaje mtoto bila kumvunja moyo?

Halafu dada na shemeji wanataka mtoto mwingine, wote wamebeba jeni ya ugonjwa huu so kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 mtoto kuupata. Kuna aliyepima mimba ikiwa changa? Mliamuaje? Hili linamnyima dada usingizi kuliko hata dripu.