Migomba ya chupani inatoa machipukizi tu, mizizi hakuna. Nifanyeje wakuu?

Mgombani: Wakuu habari zenu, nina kimaabara kidogo cha tishu kalcha (kukuza miche chupani kutoka vipande vya mmea), naotesha migomba aina ya Grand Naine, midia, yaani chakula cha mmea humo chupani, ni ile ya MS, sukari gramu 30 kwa lita, pH 5.8, homoni ya BAP miligramu 5. Machipukizi yanatoka kweli kweli ila sasa yamekuwa mafupi, yamebanana kama kabichi na mzizi hata mmoja sijauona, hii wiki ya 6. Nikaongeza homoni ya IBA miligramu 1 humohumo, wapi! Wateja wanasubiri miche, usingizi sipati.

MamaMiche: Pole sana ndugu yangu. Shida ipo hapo kwenye "humohumo". BAP ni saitokinini, inaamsha machipukizi, IBA ni oksini, hiyo ndo inaita mizizi, ila mmea unasikiliza ile iliyomzidi mwenzake. Skoog na Miller walilionyesha hili tangu 1957 kwa tishu za tumbaku, oksini ikizidi inakuja mizizi, saitokinini ikizidi machipukizi, zikikaribiana linabaki bonge la seli lisilo na mbele wala nyuma. Sasa wewe una 5 kwa 1, mizizi itoke wapi? Yatenganishe, yaweke kwenye MS isiyo na homoni kama wiki 3 yarefuke kwanza, maana BAP inabaki ndani ya tishu hata ukihamisha chupa, baada ya hapo ndo uyapeleke kwenye IBA 1 bila BAP kabisa.

Kijani_K: Ule mkaa laini wa maabara nao unasaidia kufyonza BAP iliyobaki, ila unafyonza na IBA pia, kwa hiyo ukiutumia anza na kiasi kidogo ujaribu. Mkuu, hiyo tishu umeshaigawa na kuihamishia chupa mpya mara ngapi?

Mgombani: Mara 11 😔

Kijani_K: Daah. Hapo hata mizizi ikitoka tafadhali usiwauzie watu. BAP nyingi raundi nyingi hivyo inaleta migomba iliyobadilika, mingine mifupi, mingine majani ya ajabu, na mkulima anakuja kugundua shambani ameshachimba mashimo na kuweka mbolea. Mimi huwa nakomea 8 naanza na machipukizi mapya ya shamba.

MamaMiche: Naunga mkono. Na BAP shusha iwe 3 hivi, kasi itapungua ila miche itakuwa na afya.

Mgombani: Asanteni sana. Kuna kundi lingine liko raundi ya 4, kesho naliingiza kwenye MS tupu. Zile za 11 natupa zote, inaniuma ila wateja nitawapigia mwenyewe niwaambie wasubiri.