Nywele za kipilipili hazirefuki tangu nilipoacha dawa: nifanye nini?

Mama wa Mbagala

Habari zenu wadau. Mwaka jana niliacha kuweka dawa ya kulainisha nywele kwa sababu ilikuwa ikiniunguza ngozi ya kichwa, nikaamua kuziacha nywele ziote katika hali yake ya asili, yaani kipilipili kigumu kilichojisokota hasa. Kila asubuhi ninazipaka mafuta mazito na kuzichana zikiwa kavu, kwa kuwa nikizilowesha hujikunja zikaonekana fupi mno. Pamoja na hayo yote zimekauka, zinakatikia kwenye chanuo na urefu ni uleule. Saluni wananishauri niongeze mafuta au nizipige pasi. Tena, nikisuka rasta, nywele za pembeni huuma usiku kucha, na sasa naona zinapungua. Naomba ushauri wa anayezifahamu nywele za aina hii, maana kwenye dawa sitaki kurudi.

Msusi wa Tanga

Dada, nywele zako zinaota, ila kile zinachoongeza kwenye mzizi zinakipoteza kwenye ncha. Nywele za kichwani huongezeka takriban sentimita 1 kwa mwezi, kwa hiyo ikiwa urefu haubadiliki, jambo la kutafuta ni mahali zinapokatikia. Zikusanye zile zinazobaki kwenye chanuo uzitazame kwenye mwanga: unywele uliotoka wenyewe huwa na kijivimbe cheupe upande wa mzizi, na hizo kupotea kati ya 50 na 100 kwa siku ni kawaida kwa kila mtu, vipande vifupi visivyo na kijivimbe hicho ndivyo vilivyokatika.

Unywele wa kipilipili una mikunjo mingi, na kila mkunjo ni sehemu dhaifu. Mikunjo hiyohiyo huyazuia mafuta yanayotoka kwenye ngozi ya kichwa yasishuke hadi kwenye ncha, ndiyo maana nywele zetu hukauka upesi kuliko zile zilizonyooka. Hata hivyo, kinachozilainisha ni maji. Mafuta kazi yake kubwa ni kuyazuia maji hayo yasitoke haraka. Ukipaka mafuta mazito juu ya nywele kavu, umeufungia ukavu ndani, na ukiongeza mengine siku inayofuata unakusanya utando na vumbi tu.

Kwa hiyo geuza utaratibu. Usiku wa kuamkia siku ya kuosha, zipake mafuta ya nazi, kwa kuwa yana uwezo wa kupenya ndani ya unywele na kupunguza madhara ya kulowana na kukauka mara kwa mara. Osha kwa shampuu laini, kisha paka kondishena ya kutosha, na hapo ndipo uchane, nywele zikiwa mbichi na zinateleza, kwa vidole kwanza, halafu kwa kitana cha meno mapana, ukianzia kwenye ncha na kupanda taratibu kuelekea kwenye mzizi. Zikiwa bado na unyevu, paka mafuta kidogo, uzisokote mafungu mafungu na kuziacha zikauke zenyewe. Nakusihi usizipige pasi, kwa sababu mkunjo ulioharibiwa na moto haurudi hata ukiosha namna gani. Ukitaka urefu uonekane, zifunge kwa uzi kama tulivyosukwa utotoni. Uzi hunyoosha bila moto.

Ncha ambazo bado zina dawa zikate zote. Pale zinapokutana na nywele mpya ndipo panapokatikia zaidi.

Mkaazi wa Kisauni

Naafikiana na Msusi isipokuwa hapo kwenye kukata zote kwa mara moja. Si kila mwanamke yuko tayari kubaki na nywele fupi, na anayevumilia anaweza kupunguza ncha kidogo kidogo, mradi asiwe anazichana kavu.

Ningependa kuongeza suala la maji, ambalo sisi wa pwani hulisahau. Wengi wetu huoshea maji ya kisima yenye chumvi, na maji magumu yakikutana na sabuni ya mche huacha utando unaozifanya nywele zikakamae hata baada ya kondishena. Ikiwa kwako ndivyo, kinga maji ya mvua uyatumie kusuuzia mwisho.

Muuguzi, Moshi

Mimi nimeshtushwa zaidi na hizo nywele za pembeni, na ningekuomba uanze na hilo kabla ya mengine yote. Msuko unaouma unavuta mizizi, na kuumwa si sehemu ya kupendeza, hata kama tumelelewa tukiambiwa hivyo. Mwanzoni nywele hupungua na vipele vidogo hutokea kwenye paji. Ukiacha kuvuta wakati huo, mara nyingi hurudi. Mvuto ukiendelea kwa miaka, mizizi hubaki na kovu, na hapo hakuna mafuta yatakayoziotesha tena. Zipumzishe sasa. Ukiona ngozi inang'aa na vitundu vya nywele havionekani, au kuna magamba na muwasho, nenda kliniki ya ngozi, kwa kuwa kung'aa huko huenda ni kovu, na magamba yenye muwasho huenda ni mapunye, ambayo yanahitaji dawa ya hospitali.

Mama wa Mbagala

Nawashukuru sana. Maji yangu kweli ni ya kisima. Mwezi ujao nina harusi ya mdogo wangu. Je, siwezi kusuka kabisa?

Msusi wa Tanga

Unaweza, dada, lakini si rasta. Mwambie msusi akusuke mabutu makubwa ya nywele zako mwenyewe, aanze nyuma kidogo ya mstari wa paji na asikaze. Ukishindwa kuinua nyusi bila maumivu baada ya kusukwa, mwombe afumue palepale kabla hujamlipa. Usiku funga kitambaa cha satini, kwa maana pamba hunyonya unyevu, na harusi ikiisha fumua ndani ya wiki mbili.