Tupeane uzoefu: kaa waliokuja wamejificha kwenye mawe na matumbawe ya akwaria

Chaza, Muscat
Wadau, salaam. Anayefuga matumbawe nyumbani lazima akutane nao: unanunua jiwe hai (jiwe la baharini lenye viumbe ndani yake), usiku unamulika tochi, unakuta jicho linachungulia tunduni. Swali la kwanza huwa "nimtoeje?" Mimi nasema tumtambue kwanza.

Wangu alikuja ndani ya tumbawe la matawi liitwalo Pocillopora, mdogo kama kucha, hatoki kwenye matawi. Ni kaa wa jenasi Trapezia, na simtoi ng'o. Anakula ute wa tumbawe na kuliondolea mchanga unaotuama juu yake. Baharini, akija yule kiti cha pweza mwenye miiba anayekula matumbawe, kaa huyu humbana miguu kwa magando mpaka aondoke. Nyie mmekutana na kaa gani?

Mwambao, Mombasa
Mkuu, wangu alikuwa wa shari. Manyoya mwili mzima, magando mazito, ncha nyeusi. Asubuhi nakuta makombe ya konokono matupu, na zoanthi (viumbe laini jamaa wa matumbawe) zimenyofolewa. Ukoo wa Xanthidae huo.

Nilimnasa kwa glasi ya kawaida. Iegemeze kwenye jiwe, mdomo wake uguse mwamba, ndani weka kipande cha kamba mbichi, kisha zima taa. Anashuka kufuata chambo, kupanda hawezi kwa sababu kioo kinateleza. Ukitaka kumwangalia usiku, funika tochi kwa karatasi ya nailoni nyekundu. Mwanga mwekundu haumshtui sana.

Tena jamani, asiingie sufuriani hata akinona. Ukoo huo una kaa wenye sumu kali, mfano Zosimus aeneus, na moto hauiondoi sumu hiyo.

Bi Kombe, London
Mimi muuzaji alinishauri nimuue kaa bapa aliyekuwa kwenye anemoni, yule mnyama laini wa baharini mwenye minyiri. Nikamtazama vizuri: miguu ya kutembelea inayoonekana ni jozi tatu, si nne, na mdomoni ana vifagio viwili vya nywele anavyovipunga kwenye mkondo kuchuja chakula. Huyo ni kaa posileni, hana ubaya na mtu. Msimshike gando, hulikata mwenyewe akitishwa, akakuachia mkononi.

Mgeni wa Bahari
Wakubwa zangu, wangu ni wa kijani. Nimwache?

Bi Kombe, London
Mdogo wangu, angalia ncha za magando. Zikiwa zimebonyea kama kijiko, huenda ni Mithraculus, anayekwangua mwani na kula ule wa mapovu unaotusumbua wengi. Ila mwani ukiisha mpe mwani mkavu, maana akiwa na njaa huanza kudonoa matumbawe.

Chaza, Muscat
Kwa yule mkorofi asiyetaka kutoka: toa jiwe, lishike juu ya ndoo, mwagia tunduni maji ya soda yasiyo na sukari wala ladha kwa bomba la sindano. Atatoka mbio. Suuza jiwe kwa maji ya chumvi kabla ya kulirudisha. Soda isiingie kwenye akwaria yenyewe.

Mwambao, Mombasa
Na akishatoka, usimtupe baharini hata kama unaishi ufukweni. Hujui ametoka bahari gani wala amebeba ugonjwa gani. Wangu namfuga kwenye tangi la chini la kuchujia maji, anakula mabaki. Mwenye picha ya kaa asiyemjua aiweke hapa, magando yaonekane vizuri.