Aurora Tromsø mwezi wa pili: apareyi yangu ya kawaida itatosha?

Himbi24 (Goma): Ndugu zangu, mwezi wa pili nitakuwa Tromsø, Norwe, siku 10, kupiga foto za aurora, ule mwanga wa rangi unaocheza angani usiku. Nina apareyi yenye objektifu ya 18-55 mm, f/3.5 (uwazi wa lenzi), trepie ya aluminiamu na batri mbili. Niipange vipi? Itavumilia baridi?

KadutuPicha (Bukavu): Itavumilia. Weka M (kupanga kila kitu mwenyewe), 18 mm, f/3.5, ISO (wepesi wa kunasa mwanga) 3200, sekunde 10. Aurora ikitulia kama ukungu, fika sekunde 15. Ikianza kukimbia angani, shuka hadi sekunde 4 na upande ISO 6400, la sivyo mikunjo yake yote inageuka uji wa kijani. Piga RAW, yaani faili ghafi.

Fokasi ndiyo inayowaharibia wengi kazi. Usiiachie apareyi itafute yenyewe gizani. Chagua nyota kali, ikuze mara 10 kwenye kioo cha nyuma, zungusha pete polepole mpaka nyota iwe nukta ndogo kabisa, kisha bandika utepe. Ukigusa zumu, anza upya. Mazoezi yafanye hapo hapo Goma. Umeme ukikatika, giza si mnalo la kutosha?

Halafu toa filta ya UV. Kijani cha aurora ni karibu rangi moja tupu, kinagongana kati ya filta na lenzi na kuchora miduara katikati ya foto. Hakuna programu itakayoifuta vizuri.

Katuba_K (Lubumbashi): Mwenzangu amesahau mvuke. Chupa ya soda ikitoka frigo inatoa jasho, sivyo? Apareyi iliyokaa nje kwa muda wa saa tatu, ukiiingiza kwenye chumba chenye joto, inatoa jasho hilo hilo, hata ndani ya lenzi. Ukiwa bado nje, toa kadi ya kumbukumbu, tia apareyi kwenye mfuko wa plastiki, funga kabisa. Ndani, usiufungue kwa saa mbili. Jasho litabaki juu ya plastiki.

Batri moja ikae mfuko wa ndani, karibu na mwili. Baridi inapunguza kasi ya kemia yake, kwa hiyo inayoonyesha nusu inaweza kuzima ghafla. Haijafa: ipashe joto, itarudi kiasi. Miguu ya trepie izungushie mpira wa ndani wa baiskeli, maana aluminiamu ya baridi inachoma vidole.

Himbi24: Aksanti sana. Na zile namba za Kp, za kupima msukosuko wa sumaku ya dunia unaoleta aurora? Nasoma lazima zifike 5.

KadutuPicha: Hiyo ni kwa walio kusini. Tromsø iko chini ya mkanda wenyewe wa aurora, hata Kp 2 inatosha. Adui yako ni mawingu ya baharini. Tazama ramani ya mawingu kwanza; mji ukifunikwa, tafuta gari la kwenda bara, Skibotn au Kilpisjärvi upande wa Ufini. Huko hewa ni kavu zaidi, lakini -20 ni jambo la kawaida. Kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa saba usiku, ukiona wingu jeupe lililotanda kama upinde, lipige foto moja. Jicho gizani linaona kijivu, apareyi inaona kijani.

Himbi24: Viatu nichukue namba yangu?

Katuba_K: Panda namba moja, soksi za sufu ziingie mbili. Kiatu kikibana, damu haifiki vidoleni.