Kamba wadogo wa Hawaii wamepauka kwenye tangi jipya, nianzie wapi?

Mtoto_wa_Chuda
Wakuu, habari za majukumu. Nipo Columbus, Ohio. Wiki iliyopita nililetewa kwa posta kamba wadogo 12 wa Hawaii, wale wanaoitwa opae ula. Hata mkubwa wao hazidi sentimita moja na nusu. Tangi ni la lita 10, lina mawe ya volkano, taa na kichujio kidogo cha umeme. Chumvi ni ile ya kuchanganyia maji ya bahari, ya duka la samaki. Walifika wekundu kama pilipili, sasa wengi wamepauka na wanajificha. Jana nimekuta kitu kama maiti, cheupe, ndani kitupu. Nawalisha kidogo asubuhi na jioni, na maji yakipungua najazia mengine ya chumvi. Mke wangu anasema wataisha wote. Naombeni ushauri.

Shangazi_wa_Pwani
Hahaha, mwanangu! Sisi Tanga uduvi tunautia nazi, wewe umeuwashia taa. Haya, wenye utaalamu waje.

Fundi_Matangi
Mkuu, msiba bado. Hicho kitupu ni gamba, kamba akikua hulivua. Aliyekufa huwa na nyama, na mwili hugeuka rangi ya waridi. Gamba liache humo humo, watalitafuna wapate madini. Kupauka nako mara nyingi ni hofu ya safari, rangi hurudi.

Kinachonitisha ni hicho chakula. Kwao wanaishi kwenye madimbwi ya miamba ya volkano, maji ya bahari yanapopenya chini kwa chini na kukutana na maji ya ardhini yasiyo na chumvi. Humo hula mwani na utando wa bakteria unaoota juu ya mawe, basi. Tangi lako ni jipya, bakteria wa kugeuza amonia, ile sumu ya uchafu unaooza, kuwa nitriti kisha nitreti hawajajijenga, na huchukua kama wiki 4 hadi 6. Kila punje isiyoliwa inaoza. Acha kulisha kabisa kwa sasa, taa iwake mwani uote. Baadaye chembe ya spirulina, ule mwani mkavu wa dukani, mara moja kwa wiki inawatosha, tena wengine tunapitisha zaidi ya wiki bila kulisha. Wakiachwa watulie wanavuka miaka 10.

Kijana_Machachari
Mimi ningebadilisha nusu ya maji leo leo.

Fundi_Matangi
Hapana, ndugu. Nusu kwa mpigo, halafu chumvi isilingane, ndipo unawaua kweli. Apime amonia kwanza.

Mama_Hidromita
Mbona chumvi mmeiruka? Maji hupaa hewani, chumvi inabaki. Ukijazia ya chumvi kila mara, tangi litafika kiwango cha bahari nawe hujui. Chora mstari kwenye kioo, yakishuka jazia maji matupu yaliyokenekwa (distilled), yale ya galoni madukani. Nunua hidromita, kile kipimo cha chumvi ya maji, ikisoma 1.010 hadi 1.012 uko pazuri. Kwa kuchanganya, anza na gramu 15 hivi kwa lita kisha upime. Ya mezani usiiguse, karibu yote ni sodiamu kloridi, haina kalsiamu wala magnesiamu za kutosha. Kichujio zima, kitakuja kunyonya vitoto. Na dawa ya samaki yenye shaba isikaribie hapo.

Mtoto_wa_Chuda
Asanteni sana. Amonia inasoma 0.25, hidromita 1.016. Sebuleni joto ni nyuzi 22. Nikiweka kasamaki kamoja je?

Mama_Hidromita
Joto zuri. Samaki sahau, atawala au atawatisha wasitoke. Leo toa lita moja, rudisha lita moja ya maji yenye chumvi pungufu, kama 1.008, yenye joto la sebuleni, uimimine taratibu. Rudia keshokutwa. 1.016 ishuke polepole, hawafi kwa hiyo.

Bahari_Tudor
Niko Mombasa. Naweza kuchota kamba wadogo kule kwenye mikoko nikafuga hivi hivi?

Fundi_Matangi
Wengi wa hao ni watoto wa wale kamba wakubwa wa kuchoma. Mikokoni wanakulia tu, kisha hurudi baharini. Tangi la lita 10 litawabana mapema, tena wanaruka, uwe na mfuniko. Ukitaka kujaribu, anza na tangi la lita 100, na huko kichujio ni lazima.